Mida Ina Wenyewe: Barua kutoka Watamu

Kaka mpendwa,

Nimefika salama Watamu, pwani ya Kenya, na joto limenipokea kabla ya wenyeji. Huko kwetu Mgeta, milimani Uluguru, najua asubuhi hii ukungu umeshuka hadi kwenye vitalu vya kabichi na mama watoto amekufungia sweta. Mimi huku saa moja ya asubuhi shati limeshaloa. Mwezi huu wa Machi upepo wa kaskazi unaelekea kwisha na masika haijafika, kwa hiyo hewa imesimama tu, nzito, na ina chumvi. Wenyeji wenyewe wanalalamika, nikapata faraja kidogo.

Safari ni ndefu kuliko ramani inavyodai. Ukishapita Horohoro na Lungalunga unadhani umefika, kumbe Mombasa bado, na kutoka Mombasa hadi Malindi kuna kilomita kama mia na ishirini nyingine. Lakini acha nikueleze kwanza kivuko cha Likoni. Pale Kigamboni, Dar es Salaam, sisi tunalipa shilingi mia mbili kuvuka kwa miguu. Likoni mtembea kwa miguu halipi kitu. Nilisimama katikati ya umati ule, wanafunzi, wachuuzi, kina mama na ndoo za samaki, mafundi na misumeno yao, wote wakiingia bila kuulizwa tikiti, nikawaza kwamba hii nayo ni sera ya nchi. Mtu fulani mezani aliamua kwamba asiye na gari avuke bure, na uamuzi huo unauona kwa macho kila asubuhi. Nimeipima safari yangu yote kwa kipimo hicho: neno lililoandikwa Nairobi limefika wapi, na limemfikia nani?

Kutoka Mombasa nilipanda matatu, ndiyo daladala zao. Tukavuka daraja la Kilifi, maji ya samawati chini yake hata abiria waliozoea waligeuza shingo. Mbele kidogo ukaanza msitu upande wa kushoto, mkavu, mzito, ukatufuata muda mrefu. Ndio Arabuko-Sokoke. Njia panda ya Gede nikachukua tuktuk, bajaji yetu, na dereva akanisalimia kwa Kiitaliano. Sikuamini masikio. Kumbe Waitaliano wamekuja Watamu na Malindi kwa miongo mingi, wengine wamejenga, na vijana wengi wanakizungumza vizuri bila kukaa darasani. Vibao vya barabarani vinauza piza na aiskrimu kwa lugha hiyo, halafu hatua chache mbele bibi wa Kigiriama anauza mabuyu na maembe mabichi ya pilipili.

Fedha zao zinatisha mpaka uzizoee. Shilingi yao moja ni karibu ishirini zetu. Dafu shilingi hamsini, yaani kama elfu moja yetu. Hamri moja shilingi kumi. Asubuhi ya kwanza nilipewa mahamri na mbaazi za nazi. Kaka, mbaazi tunazijua, lakini sisi tunazichemsha na kitunguu tukasema zimeiva. Hawa wanazipikia tui zito hadi linang'ang'ania kijiko, na hamri lenyewe lina harufu ya iliki. Nikala, nikaongeza. Ugali wanauita sima, wanausonga mlaini kuliko wetu. Ninachokikosa ni njegere zetu na maji ya kunywa yenye baridi ya mlimani, kwani maji ya visima vya huku yana ladha ya chumvi kwa mbali.

Siku iliyofuata nilikwenda baharini. Maji yalipokupwa, ghuba ilibaki mchanga mweupe, na visiwa vya mawe vikasimama wazi, vimeliwa chini na mawimbi. Nahodha alitutoa kwa mashua yenye kioo sakafuni. Chini niliona matumbawe ya rangi ya zambarau na samaki wa milia ya manjano kwa makundi, wakija karibu bila hofu. Hawana hofu kwa sababu hawavuliwi. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na ni miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Mwaka 1979 UNESCO nayo ikaliingiza eneo hili katika orodha yake ya hifadhi za bayosfia za dunia.

Nahodha yule ni mtoto wa mvuvi. Nilimwuliza baba yake alivua wapi. Akanyoosha kidole chini, kwenye kioo. "Hapahapa," akasema. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja jina la mtaa. Leo anawaonyesha wageni samaki ambao baba yake angewatia nyavuni, na ujira wake ni mzuri msimu wa watalii ukiwapo. Usipokuwapo, hana bahari ya kurudi. Jambo hili nimelibeba tangu siku ile. Hifadhi ni njema, nimeiona kwa macho yangu, lakini gharama yake ililipwa kwanza na watu wenye madau madogo, na kila sera ya mazingira ingefaa ianze kwa kuwahesabu hao.

Wapo waliowahesabu. Shirika la Local Ocean Conservation lina utaratibu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya, hamchinji wala hamtupi; anapiga simu. Wahudumu wanakuja, wanampima kasa, wanampa alama, wanamrudisha majini, na mvuvi anapata fedha kidogo za kufidia muda wake. Maelfu ya kasa wamerudishwa baharini kwa njia hiyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa anayeua kasa, lakini askari gani atamkuta mvuvi saa tisa ya usiku nje ya mwamba? Anayemlinda kasa usiku huo ni mvuvi mwenyewe, na anamlinda kwa sababu kuna mtu alifikiria kwamba nyumbani kwake kuna watoto wanaosubiri kitoweo.

Kuhusu plastiki utacheka kwa furaha. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, karibu miaka miwili kabla yetu sisi wa Juni Mosi 2019, na faini yao inafika shilingi milioni nne, au kifungo hadi miaka minne. Mwaka 2020 wakaongeza: katika hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa huingii na chupa ya maji ya kutupa wala mrija. Hata hivyo bahari haina mpaka, nayo hutapika ndala na chupa kutoka nchi za watu. Vikundi vya wakazi huziokota ufukweni, huzichambua na kuziuza. Lamu wamekwenda mbali zaidi, wakaunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, la Flipflopi, likasafiri hadi Unguja mwaka 2019.

Ijumaa mwenyeji wangu alinipeleka Gede. Huu ni mji wa Waswahili wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, una msikiti mkuu, kasri, makaburi yenye minara, na kaburi moja lina tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1399. Mzee James Kirkman ndiye aliyeufukua kuanzia 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Mibuyu imesimama sebuleni mwa watu na kima wanarukaruka juu ya kuta. Nilishangaa vyoo vyao na mifereji ya maji, mambo ya karne nyingi zilizopita. Lakini nilikaa zaidi kwenye kisima. Mji ulihamwa karne ya kumi na saba, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba maji ya ardhini yalishuka. Kisima cha msikiti kina dalili za kuongezwa kina. Walichimba, wakachimba tena. Nilikumbuka chemchemi zetu za Uluguru, zinazojaza Mto Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam, jinsi tunavyozichukulia kuwa ni za milele.

Jirani na magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi wa vipepeo, wanauza pupa, na pupa zinasafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mama mmoja alinifungulia kizimba chake cha wavu, akaniwekea pupa kiganjani. Ilikuwa nyepesi, ya kijani, ina nukta za dhahabu ambazo sonara asingeweza kuzichonga. Miaka ile mradi ulipoanza, wakazi wengi walikuwa wanataka msitu ufyekwe wapate mashamba, na usiwalaumu: tembo walikula mahindi yao, nao hawakupata chochote kutoka msituni. Msitu huo una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyosalia pwani ya Afrika Mashariki. Kiwavi anahitaji majani ya mti wake wa msituni. Mama yule sasa ana sababu yake ya kuutaka msitu usimame, na sababu hiyo hulipa ada ya shule.

Jumamosi ilikuwa ya Mida. Hori la Mida linaingia nchi kavu nyuma ya Watamu, limezungukwa na mikoko, na maji yakijaa unadhani ni ziwa. Yakipwa, tope linang'aa na kaa wanatoka mashimoni kwa mamia. Tulipita kwenye daraja la mbao lililoning'inizwa juu ya mikoko, linatikisika kila hatua. Kiingilio chake kinaingia katika mpango wa A Rocha Kenya wa kuwasomesha sekondari watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu na hori. Mwisho wa daraja tuliwaona ndege weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, walaji wa kaa. Wanazaliana kule Oman na Ghuba ya Uajemi, wakichimba viota mchangani, kisha wanakuja huku kwa njia ileile iliyoleta majahazi ya kaskazi. Karibu wataondoka. Dabaso, kandoni mwa hori, kikundi cha wanakijiji waliopanda mikoko wamejenga mgahawa wa mbao ndani ya mikoko yenyewe. Nilikula sambusa za kaa na ndimu, jua likizama. Sijala kitu kitamu hivyo tangu harusi ya binamu yetu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikuandikie wewe hasa, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Tulivuka mlango wa hori kwa mashua hadi Uyombo. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima, minazi, mihogo, nyumba za udongo na makuti, nyavu zimeanikwa. Hapa ndipo Shirika la Nishati ya Nyuklia la Kenya lilipopendekeza kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, cha megawati 1,000. Hapa, kaka, mdomoni mwa hori lile lenye kaa na ndege wa Ghuba, karibu na hifadhi ya 1968.

Sitaki nikudanganye kwamba serikali haikuwa na hoja. Viwanda vinataka umeme usiokatika, na idadi ya watu inaongezeka. Ila Kenya tayari inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Ziwa Turkana, na watu wa Uyombo walijua hilo. Walichouliza hasa kilikuwa kingine: tutahamishiwa wapi, nani alituuliza, na maji ya moto yatakayotoka mtamboni yataingia wapi kama si kwenye mazalio ya samaki wetu? Wazee walioketi nasi chini ya mwembe wanaitaja Katiba ya 2010 kama sisi tunavyotaja bei ya viazi. Ibara ya 10, haki ya kijamii, ushirikishwaji wa wananchi na maendeleo endelevu ni misingi ya taifa. Ibara ya 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye afya. Ibara ya 70 ndiyo iliyonifungua macho: mtu anaweza kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Huhitaji kusubiri mtoto augue.

Na walijua kwa nini kifungu hicho ni muhimu. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale na mtoto wake akaathirika, ndiye aliyeongoza mapambano, akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2023; Mahakama ya Juu ikarejesha Desemba 2024. Shirika la Omido ndilo lililosimama na watu wa Uyombo. Mwaka 2023 walipeleka malalamiko bungeni. Mei 2024 maandamano yakageuka makabiliano na polisi, na watu wakaumizwa. Mwaka 2025 mazungumzo ya serikali kuhusu kinu yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria.

Uyombo hawasherehekei sana, na hilo lilinigusa. Mama mmoja alisema wenzao wa Siaya nao wana ziwa na wana watoto. Kisha akaleta jambo zito zaidi: ardhi wanayoikalia wengi wao hawana hati yake. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani wa maili kumi. Aliyeweza kudai kwa maandishi aliandikishwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda, wenyeji wa pwani hiyo, wengi hawakuandikishwa, na vitukuu wao hadi leo wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliitaja ardhi kuwa kidonda kikuu cha pwani. Kauli ya "Pwani si Kenya" ya waliotaka pwani ijitenge, iliyotia watu hofu miaka ile, ilitoka katika kidonda hicho. Amani ya pwani ikizungumzwa, watu huwaza askari. Chini ya ule mwembe nilielewa kwamba inaanzia kwenye karatasi ya shamba.

Jumatatu nilipita Malindi, iliyo mwendo mfupi tu kwa matatu, nikaiona sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwakusanya Wagiriama wakatae kodi na kazi ya kulazimishwa. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, na inasimuliwa kwamba alitoroka akarudi. Mwaka 1914 Waingereza walitaka kuwahamisha watu wake kutoka kaskazini ya Mto Sabaki. Uyombo wanamtaja kama bibi wa jirani.

Kaka, nimelinganisha na kwetu usiku kucha, chini ya chandarua, feni ikizunguka. Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatupa hatimiliki ya kimila, kitu ambacho Uyombo wangekipokea kwa machozi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila mtu Tanzania ana haki ya mazingira safi na salama. Wakazi wa Kunduchi Mtongani waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mwaka 1991 kwa kumwaga taka karibu na makazi yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki, ikitaja haki ya kuishi. Wakenya wana vifungu vilivyo wazi zaidi katika Katiba; sisi tuna ardhi iliyo mikononi zaidi. Lakini ni wangapi kijijini kwetu wamechukua hati hizo? Na nani amewahi kuisoma sheria ya 2004 kwa sauti mbele ya watu, kama wazee wa Uyombo walivyonisomea Ibara ya 42 bila karatasi?

Ninaloliomba ni hili. Katika mkutano mkuu wa kijiji unaokuja, weka ajenda tatu: nani hana hati ya kimila, mpaka wa msitu na vyanzo vya maji uko wapi kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, na sheria ya mazingira isomwe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, watu waulize. Wanawake waitwe wakae mbele, maana ndio wanaochota maji. Fanya kabla masika haijakata barabara, kwa sababu mkutano huu ukipita, mwingine ni baada ya miezi mitatu.